Niliwauliza watoto wa nasari: punda ana vidole vingapi?

mwalimu_wa_langoni

Assalam aleikum jamani. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni mwalimu wa nasari hapa Lamu, darasa la PP2, watoto ishirini na wawili wa miaka mitano kwenda sita. Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha wanyama wa nyumbani kwa chati ya ukutani. Chati hiyo nyote mnaijua: ng'ombe wa madoa mwenye kiwele kama mtungi, kondoo aliyejaa sufi mpaka macho hayaonekani, na mkulima wa kizungu aliyevaa buti za mpira. Nauliza "huyu nani?" wanaitika "ng'ombeee!" Basi nikajiona nimefundisha.

Zilikuwa zimebaki dakika chache kabla ya kengele, nikawauliza la kupitisha wakati tu: punda ana vidole vingapi kwenye mguu mmoja?

Wa kwanza akasema vitano. Wa pili vitatu. Mmoja, ambaye kwao wana punda sita wa kubeba mchanga na simiti, akafikiri sana kisha akasema kumi.

Watoto wa Lamu hao! Kwa wasioujua mji wetu: vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, gari haliingii, mzigo ni wa punda, mkokoteni au kichwa. Mtoto akitoka kwao mpaka akafika darasani amejibana ukutani mara nne au tano kumpisha punda. Wanawaona kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama mguu.

Nikaiacha chati. Siku ya pili nikamwomba kijana mmoja wa punda asimame kidogo uani kwetu, punda hana mzigo. Tukakaa chini. Kidole kimoja! Yaani ukwato mmoja tu, mzima. Wakapiga kelele kama wamegundua dhahabu. Jioni wakaenda kuwatazama mbuzi wa mtaani: viwili. Kuku: vinne, vitatu mbele na kimoja nyuma. Wakajitazama wenyewe: vitano. Tukachora mstari wa namba chini kwa mkaa. Moja punda, mbili mbuzi, nne kuku, tano mimi.

Halafu mtoto mmoja wa kike, mkimya sana, akasema: "Mwalimu, wa vitatu yu wapi?"

Nikakosa jibu. Nikamwambia nitauliza. Basi nauliza: mnyama wa vidole vitatu ni nani?

Na la pili ndilo kubwa. Nimenunua koo, yaani kuku jike aliyezoea kutaga na kuatamia, niko tayari kumwatamiza hapo shuleni, mayai kumi na moja. Mwalimu mkuu amekubali kwa sharti moja, harufu isifike ofisini. Mwenye uzoefu wa mifugo na watoto wadogo anipe maarifa kabla sijaharibu.

kasa_wa_shela

Kifaru. Vitatu kila mguu. Lakini huyo usimlete uani, mwalimu.

baba_wa_watatu

Mwalimu, nauliza kwa heshima. Mwanangu na yeye yuko PP2, mwakani gredi ya kwanza. Nalipa karo asome herufi na hesabu. Kuku tunao nyumbani, kwa mama mzaa mimi wako wengi mpaka wanapanda kochi. Sasa nilipe karo ili mtoto aende akatazame kuku? Watoto wa Nairobi ndio hawajamuona kuku akiwa hai, wa kwetu wamezaliwa nao.

mwalimu_wa_langoni

Kaka, hao kuku wa kwa mama wengine ni vifaranga au wote wakubwa? Wangapi wanataga sasa? Jibu bila kwenda kuuliza.

baba_wa_watatu

Hayo ni mambo ya mama.

mwalimu_wa_langoni

Ndiyo hayo ninayosema. Kuishi na kuku si kumjua kuku. Na herufi sijaziacha. Jana tumeandika "koo" ubaoni na watoto wakaona wenyewe kwamba ni "k" na macho mawili. Mtaala huu wa umilisi unayo shughuli za mazingira kwa PP1 na PP2, haunikatazi. Anayenikataza ni mzazi anayetaka kuona daftari limejaa.

Lakini swali lako nalipokea. Muhula ukiisha na watoto wangu hawajui kuhesabu mpaka ishirini, njoo unilaumu hapahapa.

mama_mifugo

Nimefanya kazi ya mifugo bara na pwani kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema yale ambayo walimu huyasahau.

Kwanza mikono. Kuku anaweza kuwa na vijidudu vya salmonela na usimuone mgonjwa hata kidogo. Watu wazima huenda yakapita, lakini mtoto wa chini ya miaka mitano tumbo lake halina nguvu hiyo, huharisha akaishia hospitali. Kwa hiyo sabuni na maji yanayotiririka kila wanapotoka bandani, hata kama hawakumgusa. Si beseni moja watoto ishirini wakatumbukiza. Chukua mtungi wa lita tano, utoboe tundu, uzibe kwa kijiti. Na asile mtu karibu na banda, na kifaranga asibusiwe. Watabusu, nakuambia. Kifaranga cha siku mbili hakuna mtoto asiyetaka kumtia mdomoni.

Pili, kuku wako apate chanjo ya kideri kabla hujamleta. Ni tone moja la jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu. Kideri kikiingia banda zima hufa kwa siku chache, na hilo si somo la kuwapa watoto wa miaka mitano wiki ya kwanza.

Tatu, utitiri. Utakuja kunikumbuka. Weka majivu makavu pembeni koo aoge, na kiota ukitandikie makumbi mapya.

Nne, mtoto mwenye pumu asifagie banda. Na mtoto mwenye choa, au mbuzi mwenye choa, asishikwe mpaka apone.

Kwa punda: waangalie kadi za chanjo za watoto. Ile sindano ya wiki ya 6, 10 na 14 ndani yake mna kinga ya pepopunda. Jina lenyewe linajieleza, ingawa ugonjwa hauletwi na punda peke yake, vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi na huingilia kwenye kidonda. Mtoto mwenye kidonda wazi mguuni avae viatu.

Mengine nenda tu, mwalimu. Siku hizi watu wanaogopa hata mavi ya mbuzi.

mwalimu_wa_langoni

Mama, Mungu akuweke. Mtungi wa tundu nimeutengeneza leo, na watoto wanapenda kunawa kuliko wanavyompenda kuku.

Koo amefika. Nimemfunga kamba mguuni siku mbili azoee mahali. Mtoto mmoja akalia, akasema kuku amefungwa jela. Nikawaambia ile methali, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawakuielewa, lakini asubuhi ya pili mgeni wa kweli alikuja darasani, mtoto kahamia kutoka Faza, akakaa pembeni anainama. Yule aliyelia jana akamwendea: "Usiogope, hata kuku wetu alifungwa, kesho watakufungua."

Nilitoka nje nikacheka.

mtanga_halisi

Huku Tanga sisi twamwita mtetea akiwa bado kijana, akishazoea kutaga na kuatamia ndiye koo. Nyinyi Waamu na "jimbi" lenu la jogoo tumeshawazoea.

Nashauri uwape watoto vitenzi, mwalimu. Watoto wa siku hizi wanajua majina tu. Huyu kuku, huyu bata. Lakini kuku anafanya nini? Hapo wanasema "anakula". Kumbe kuku anaparura, anadona, anatetea akitaka kutaga, anataga, anaatamia, anatotoa, anakumbatia vifaranga, anajikung'uta, anaoga mchanga, anapiga mbawa. Jogoo anawika na anaparaga. (Hilo la mwisho utajua mwenyewe utalieleza vipi.) Ukitoka hapo na vitenzi kumi umewafundisha Kiswahili kuliko kitabu.

Na usisahau kutega: nyumba yangu haina mlango.

mwalimu_wa_langoni

Kitendawili hicho walikuwa wanakijua tangu PP1. "Yai!" wanaitika bila kufikiri. Subirini nitawaambia kilichotokea.

Siku ya saba. Jana usiku, baada ya magharibi, niliwaita watoto na wazazi waliotaka. Walikuja kumi na watatu. Taa tumezima, tochi ya simu, karatasi ngumu nimeikata tundu la ukubwa wa shilingi. Yai moja moja chini ya koo, kwa utaratibu, maana koo anadona na hana urafiki. Unaliweka yai juu ya tundu, upande mnene juu, unamulika.

Mayai tisa yalikuwa na mishipa. Myekundu, imetawanyika kama mizizi ya mkoko, na katikati doa jeusi. Mawili yalikuwa meupe matupu, mwanga unapita moja kwa moja. Mtoto mmoja akauliza lile doa ni nini. Nikasema ni jicho. Kukawa kimya, halafu sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, yai lina mato!" (Kwetu jicho ni ito, wengi mato, msije mkasema nimekosea tahajia.)

Na mama mmoja mtu mzima, mwenye wajukuu, akaniambia ameishi na kuku maisha yake yote na hajawahi kuona hivyo.

Yale mawili matupu niliyatenga. Nikawaambia haya hayana kitu ndani, jogoo hakuyapitia. Hakuna aliyeuliza zaidi, alhamdulillahi.

Kuhesabu siku tunatumia kauri. Kila asubuhi mtoto wa zamu anatunga kauri moja kwenye uzi uliotundikwa mlangoni. Zikifika ishirini na moja, basi. Wanazihesabu kila wakipita, wenyewe, bila kuambiwa. Baba wa watatu, unasoma?

baba_wa_watatu

Nasoma.

binti_malindi

Mimi ni mwalimu huku Malindi, na nina jambo la kuwaonya, maana lilinipata.

Miaka kadhaa nyuma tulinunua mbuzi kwa ajili ya watoto wa nasari tuliyokuwa nayo. Dume dogo, jeupe, masikio marefu. Watoto wakampigia kura ya jina, akaitwa Halwa. Muhula mzima Halwa alikuwa ndiye mwalimu wa darasa. Alitufundisha mengi. Nyinyi mnajua kwamba mbuzi hana meno ya mbele juu? Ana ufizi mgumu tu, chini ndiko kuna meno. Watoto wa miaka sita ndio kwanza wanang'oka meno, wengine wanaona haya kucheka. Walipogundua Halwa ni kibogoyo, mapengo yakawa fahari. Mmoja alikuwa anasema "mimi na Halwa".

Tukajifunza kucheua pia. Mbuzi amelala kivulini, taya linakwenda, watoto wanasema anatafuna chingamu. Unamsubiri ameze, unaona donge linashuka shingoni, anapumzika kidogo, halafu donge jingine linapanda. Wakakaa chini kimya nusu saa wanatazama shingo ya mbuzi. Darasa langu halijapata kukaa kimya nusu saa kwa jambo lolote lingine.

Kisha ikaja likizo ya Idd ya kuchinja. Wenye nasari wakamchinja. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanawafurahisha watoto. Waliporudi wakakuta pilau, na mtu mmoja mwenye furaha zake akawaambia: mnakula Halwa.

Sitawaeleza siku hiyo ilivyokuwa.

Ushauri wangu ni huu: kabla mnyama hajaingia mlangoni, muamue atatokaje, na watoto waambiwe siku ya kwanza. Kama ni wa kuchinjwa, asipewe jina. Kama amepewa jina, asichinjwe.

mzee_matondoni

Mwanangu wa Malindi, pole. Lakini sikubaliani nawe lote.

Sisi tulikulia Matondoni, na mbuzi wa Idd tulikuwa tukimlisha wenyewe mwezi mzima. Tulimpa jina na tukamlilia alipochinjwa. Na tulikula. Marehemu babangu alikuwa akitushikisha kamba, anatuonyesha kisu kinavyofichwa mnyama asikione, anavyonyweshwa maji, na kwamba hachinjwi mbele ya mwenziwe. Adabu hiyo yote niliipata nikiwa na miaka sita au saba. Mtoto anayekula nyama na hajui imetoka wapi ndiye ninayemhurumia.

Kosa la hao wenye nasari si kuchinja. Ni kuchinja kwa siri, kisha kulifanya jambo hilo mzaha wakati wa kula.

Na chuoni tulisomeshwa hadithi ya yule mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, akaingia motoni kwa ajili yake. Mwalimu wa Langoni, hilo la kumfunga koo kamba, hakikisha maji yanamfikia.

binti_malindi

Baba, naipokea. Tofauti ni kwamba nyinyi mlikuwa na baba aliyewashikisha kamba. Mimi nilikuwa na watoto thelathini, na wazazi ambao wengine hawajazungumza na watoto wao habari ya kifo kabisa. Na wamo watoto wa dini mbalimbali. Mtoto wa mtu siwezi kumsimamisha mbele ya kisu.

mzee_matondoni

Hapo umesema kweli. Usimsimamishe mtoto wa mtu.

mama_mifugo

Na mimi nimo katikati yenu. Wengi wananipigia simu wanataka mbuzi wa nasari, nawauliza swali moja tu: Ijumaa jioni na Jumapili nani anamlisha? Wakinyamaza, nawaambia waanze na bata wawili.

mwalimu_wa_langoni

Maji yapo, baba, kwenye kigae kizito asimwage. Na kamba ilishafunguliwa kitambo.

Haya, siku ya ishirini na moja ilikuwa jana.

Kauri ishirini na moja zilitimia, watoto wakaingia wanakimbia, wakakuta koo amekaa vilevile. Hakuna kitu. Nikaona nyuso zimeanguka. Wanataka nifanye jambo. Nikasema tungoje. Saa tatu hakuna. Saa nne yai moja likawa na ufa, kidogo tu, kama lililogongwa na kijiko. Ukiinamia unasikia sauti ndani yake. Wakashika pumzi.

Halafu ufa ukakaa hivyohivyo. Saa tano, sita. Mtoto mmoja akaniomba kwa machozi tumsaidie kuvunja. Huyu ndiye yule wa kwao punda sita. Nikamweleza: ile ngozi nyembamba ndani ya ganda bado ina mishipa yenye damu, tukiibandua kabla ya wakati anavuja damu anakufa. Anapumzika, ananyonya kiini kiingie tumboni. Ana kinundu kigumu kwenye ncha ya mdomo, ndicho anachogongea. Baadaye kinatoka chenyewe.

Akaniuliza, "Kinauma kikitoka?" Ulimi wake upo kwenye jino lake linalotikisika.

Muda wa kwenda nyumbani ukafika na bado. Wazazi wamekuja mlangoni, watoto hawatoki. Nikaruhusu wakae na wazazi wao. Saa tisa kasoro ufa ukawa duara, kipande cha ganda kikasukumwa, mdomo ukatoka. Na mtoto yule wa kike mkimya, aliyeuliza habari ya vidole vitatu, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Amefanya mlango."

Mtanga, umesikia? Miaka yote natega kitendawili hicho, na jibu lake halijapata kunistua namna ile.

Hesabu ya mwisho: kumi na moja, mawili hayakuwa na kitu, saba yametotolewa jana na leo, mawili yamebaki viza. Nimeyazika nyuma ya tangi, nje ya macho yao. Kisha wakauliza yako wapi, nikawaonyesha. Sikuona sababu ya kuwadanganya. Wakaweka kauri mbili juu.

mtanga_halisi

Nimesikia. Nimemsomea mke wangu kwa sauti.

kasa_wa_shela

Mwalimu, nina swali la punda, maana ulianza na punda ukatuhamisha. Babu yangu alikuwa na punda na mimi nimepigwa teke nikiwa na miaka saba, alama ninayo pajani. Watoto wa nasari na punda, huogopi?

mwalimu_wa_langoni

Naogopa, ndiyo maana tunafuata sheria. Punda haoni kilicho nyuma yake hasa, mkabala wa mkia. Ukimjia huko anashtuka, anapiga. Watu wanasema shukrani ya punda ni mateke, lakini mara nyingi mwenye kosa ni aliyempitia nyuma. Kwa hiyo kwetu: unamjia kwa ubavuni, karibu na bega, unazungumza kabla hujafika, unanyoosha mkono aunuse. Watoto wanne kwa zamu, wengine wamekaa barazani. Mwenye punda yupo kichwani ameshika kamba. Nyuma ya mkia haendi mtu, hata mimi.

Nilikwenda pia kwenye ile kliniki ya punda ya pwani ya mji, ya The Donkey Sanctuary, iliyopo tangu 1987. Watoto wanaipita kila siku. Tuliona punda anasafishwa kidonda cha mgongoni kilichotokana na shogi mbaya, ule mfuko wa kubebea mzigo mgongoni. Mtoto wa kwao punda sita alirudi nyumbani akamwambia babake kitu, sijui ni kitu gani, ila wiki iliyofuata babake alinisimamisha njiani akaniuliza gunia la kutandika chini ya mzigo linatakiwa liwe nene kiasi gani. Mimi mwalimu wa nasari! Nikampeleka kulekule kliniki.

Na tulipima maji. Punda mzima hunywa lita 10 mpaka 25 kwa siku, kwa joto na kazi. Tukachukua ndoo na kikombe cha uji, tukahesabu vikombe vinavyoingia. Tulipofika hamsini wengi walikuwa wamechoka, wawili wakaendelea mpaka ndoo ikajaa. Hesabu ya mwisho walinipa walikuwa wametofautiana kwa vikombe kumi na vitatu, wakagombana, wakamwaga, wakaanza tena.

baba_wa_watatu

Kwa hiyo wamehesabu kupita hamsini.

mwalimu_wa_langoni

Wawili. Wengine thelathini na kitu. Sitaki kukutia chumvi.

mkulima_mpeketoni

Huku kwetu bara nasari zina nafasi, zina mashamba, na bado wanafundisha kwa chati. Nasikia yule Mjerumani Froebel aliyeanzisha shule za chekechea, kwake Bad Blankenburg mwaka 1837, kila mtoto alikuwa na tuta lake bustanini. Sisi tumechukua jina tukaacha matuta.

Watoto wa Langoni wakitaka kuona ng'ombe akikamuliwa, wavuke Mokowe, wapande gari waje. Nina watatu wa maziwa. Ila waje saa kumi na mbili asubuhi, ng'ombe hamsubiri mtu.

binti_malindi

Na sisi Malindi tunaweza kuwakopesha twiga. Tulimpeleka mmoja mpaka Uchina mwaka 1415, Lamu ni karibu.

mwalimu_wa_langoni

Mkulima, saa kumi na mbili maana yake tuvuke bahari usiku na watoto wa miaka mitano, wazazi watanipeleka kwa chifu. Nitakutafuta tupange wikendi, walale kwa jamaa zao.

Sasa niseme mabaya, msije mkadhani mambo ni asali tupu.

Utitiri ulinipata. Mama mifugo ulisema. Nilijikuna siku nne, nikachemsha buibui langu.

Vifaranga ni sita sasa. Kunguru mmoja alishuka mchana kweupe, watoto wako uani wanakula uji, akamchukua mmoja akapaa naye mpaka juu ya paa. Kelele zilisikika mpaka sokoni. Tangu siku hiyo kuna zamu ya kunguru: watoto wawili wenye kigogo na kopo, wanapiga. Wanaipenda zamu hiyo kuliko ya kulisha. Mwalimu mkuu haipendi hata kidogo.

Na kuna mtoto wangu mmoja anayeogopa ndege. Si woga wa mchezo, anatetemeka. Sikumlazimisha. Alikaa ndani anatazama dirishani, siku tisa nilizihesabu. Wenzake wakimcheka nawanyamazisha. Siku ya kumi akatoka akaomba ile kata ya chenga za mahindi. Akamwaga chenga kutoka mbali, mkono umenyooka, macho amefumba. Basi. Mpaka leo hajamgusa kuku na sidhani atamgusa. Anamwaga chenga, anarudi dirishani. Mzazi wake ananiuliza nitamwondolea lini woga huo, namwambia sijui.

Likizo inaanza wiki ijayo. Koo na vifaranga wanahitaji nyumba. Tumepiga kura kwa kuchomoa kauri nyeusi, mtoto aliyeipata anakwenda nao. Nimempa mzazi barua ya maelekezo, kideri, maji, majivu, kunguru.

kasa_wa_shela

Nani kashinda?

baba_wa_watatu

Mimi.

Ndiyo, mwalimu. Sikusema mapema, lakini mwanangu yuko darasani kwako. Yule anayesema hesabu zake kwa kuchezesha ulimi kwenye jino. Jino lenyewe limetoka jana.

Punda sita nilionao wananitosha, sasa nina koo chumbani. Mama amehamishia wa kwake kwa dada yangu kwa sababu koo hili linawapiga. Mtoto ananiamsha alfajiri, "baba, koo anataka kutoka". Huyu nilikuwa nikimwamsha kwa maji. Na amenikataza kupita nyuma ya punda wangu mwenyewe.

Vifaranga sita, nimewahesabu mara mbili. Sasa barua yako inasema chenga za mahindi, na zimekwisha. Machicha ya nazi ya jana wanakula au nitupe?

mama_mifugo

Kama yamechacha tupa. Ya leo wape kidogo, na mboga za majani. Maji umebadilisha?

baba_wa_watatu

Amebadilisha yeye.